Kasulu, Kakonko na kitufe cha Tab

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, utamu kolea. Leo sungura na fisi wapumzike, wanangu wa Kibondo. Tunaingia kwenye kompyuta.

Waandishi wa programu huiandikia kompyuta amri kwa herufi. Majina marefu huchosha vidole, ndipo kitufe cha Tab kikapewa kazi: andika herufi za mwanzo, kibonyeze, kompyuta imalizie yenyewe.

Tujaribu kwenye Linux. Tengeneza folda sita kwa majina ya wilaya za mkoa wetu wa Kigoma: Buhigwe, Kakonko, Kasulu, Kibondo, Kigoma na Uvinza. Andika cd, amri ya kuingia kwenye folda, acha nafasi, weka B, bonyeza Tab. Buhigwe hiyo! Sasa ifute, weka K, bonyeza Tab. Kimya. Majina manne yanaanza na K, na kompyuta haibahatishi. Bonyeza tena, itakuorodheshea yote manne. Ongeza i: Kibondo na Kigoma bado zinagombana. Ongeza b, na Kibondo inatimia.

Sikilizeni hapa. Kabla ya mwaka 2012 Kakonko ilikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo. Kwa folda za wakati ule, Ka ingetosha kuleta Kasulu. Alipokuja mgeni Kakonko, Kasulu ikadai herufi tatu. Jina la mmoja humgusa na jirani.

Ndivyo ilivyo kwa programu zinazotuletea vifurushi, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine. npm, ya mwaka 2010, huviweka kwenye folda node_modules. Jina refu, lakini mara nyingi n na Tab zinatosha. Composer, ya lugha ya PHP, ina mafaili composer.json na composer.lock, ila vifurushi huviweka kwenye vendor. Andika v, umefika. Bower ilianza na folda components, jina ambalo wengi walishalitumia kwa kazi zao. Ikahamia bower_components. Ugomvi huo ukaisha, ukazuka mwingine: kwa amri inayokubali mafaili pia, andika b, bonyeza Tab, unakwama kwenye bower, kwa sababu pembeni lipo faili bower.json.

Basi, wanangu, kabla ya kuipa folda jina, tazameni kwanza majirani zake. Tofauti iwekeni mwanzoni mwa jina, si mwishoni.