Kabimba: Umetoroka vita, kwa nini mwili bado unakimbia?

Kabimba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni mahali pa kiwanda cha simenti. Mahali kama hapo kelele ni sehemu ya maisha: mawe yanavunjwa, malori yanapakia, mara tairi linapasuka. Kwa mwenyeji aliyezoea, mlio mkubwa ni dalili ya kazi tu. Kwa mtu aliyekimbia vita, mlio huohuo unaweza kumtupa chini, jasho linamtoka na moyo unapiga mbio, hata kama anajua vizuri kwamba hakuna bunduki karibu.

Majirani huwa na majibu ya haraka. Mmoja husema amerogwa. Wa pili husema ana pepo, apelekwe kwenye chumba cha maombi. Wa tatu hucheka: mwanaume mzima anaogopa tairi!

Kuna jibu la nne, nalo hufundishwa katika vitivo vya saikolojia. Ni somo linalochunguza namna ubongo, neva na homoni zinavyozaa hofu, hasira, huzuni na furaha. Somo hilo huwashangaza wanafunzi wengine: mtu amekuja kusomea mawazo ya binadamu, anawekewa mbele mchoro wa tezi na mishipa. Lakini katika jimbo la Tanganyika, somo hilo linagusa maisha ya watu wengi.

Jimbo lenye sababu za kuogopa

Kabimba inajua vita tangu zamani. Mwaka 1965 ilikuwa moja ya ngome za waasi wa Simba, na Wacuba waliokuja na Ernesto Che Guevara walipigana upande huo. Kuanzia mwaka 2013, na kwa ukali zaidi mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya Batwa na Waluba yalifukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vijiji vyao katika jimbo. Na Februari 2025, baada ya Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, watu wa Uvira walipanda mashua wakakimbilia Kalemie.

Waliofika walibeba magodoro, masufuria na watoto. Kuna mzigo mwingine ambao hauonekani. Mtu amelala salama, lakini saa nane za usiku anaamka akipiga kelele. Mama anampiga mtoto kwa kosa dogo, kisha analia. Kijana hataki tena kusikia habari za kwao.

Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna vipande viwili vidogo, kimoja kila upande, vyenye umbo la lozi. Wanasayansi huviita amigdala. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Mlio unapofika, amigdala haingoji mtu afikiri. Inapiga kengele.

Kengele hiyo inafika kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Kwa sekunde chache tezi hizo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, mdomo unakauka kwa sababu mwili umesimamisha kazi ya kumeng'enya chakula. Dakika chache baadaye inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo inaongeza sukari katika damu ili mtu apate nguvu ya kupigana au kukimbia. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza sehemu kubwa ya mpango huo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mpango huo ni mzuri. Bila huo, wengi waliokimbia vijiji vyao wasingefika.

Shida inaanza pale kengele inapokataa kunyamaza. Kwa kawaida, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki: inapima mambo na kuituliza amigdala. Sehemu nyingine, hipokampasi, inatunza kumbukumbu za mahali na wakati, ndiyo inayosema: "Hii ni Kabimba, si kule, ni leo, si siku ile." Kwa mtu aliyepitia mambo ya kutisha mara nyingi, kengele inakuwa kali na breki inalegea. Mlio wa leo unajibiwa kama risasi ya siku ile.

Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sayansi inaongeza kwamba kushtuka huko si utoto wala uongo. Ni mwili uliojifunza somo moja vizuri mno.

Mpasua mawe aliyefundisha dunia

Kwamba tabia ina makao katika ubongo, dunia ilisaidiwa kulielewa na mfanyakazi mmoja wa mawe. Phineas Gage alikuwa kiongozi wa kundi lililopasua miamba kwa baruti ili kutengeneza njia ya reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka kabla ya wakati, na chuma cha zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi kikapita kwenye shavu lake la kushoto na kutokea juu ya kichwa.

Hakufa. Lakini munganga wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule mtulivu na mwenye kuaminika alibadilika, akawa mtu wa matusi asiye na subira. Chuma kilikuwa kimeharibu sehemu ya mbele ya ubongo, ile breki tuliyoitaja.

Habari yake ina sehemu ya pili ambayo husahaulika. Baadaye Gage alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayodai utulivu na mpango. Watafiti wa siku hizi wanaona hapo dalili kwamba hakubaki vilevile hadi kufa kwake mwaka 1860. Hata ubongo ulioumizwa vibaya namna hiyo unaweza kujifunza upya.

Utafiti uliofanyika kwetu Mashariki

Uchunguzi wa namna hiyo umefika mpaka Goma. Mwaka 2012, kundi la mtafiti Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga huko mashariki mwa Kongo. Akina mama waliulizwa juu ya taabu walizopitia, za kila siku na za vita. Damu ikapimwa, na watoto wakapimwa uzito.

Walitazama jeni iitwayo NR3C1, inayosaidia mwili kupokea ujumbe wa kotisoli. Waligundua kwamba pale mama alipopitia taabu nyingi zaidi, jeni hiyo kwa mtoto ilikuwa na alama nyingi zaidi za kikemia, na uzito wa mtoto ulielekea kuwa mdogo. Taabu za vita ndizo zilizohusiana zaidi na hali hiyo.

Hapa lazima kuwa waangalifu. Watoto 25 ni wachache, na utafiti huo hausemi kwamba mtoto aliyezaliwa vitani ameharibika. Unasema kwamba taabu ya mama inaweza kuacha alama katika mwili wa mtoto. Kwa hiyo kumlinda mama mjamzito aliyekimbia, kumpa chakula, usingizi na mtu wa kumsikiliza, ni kazi ya afya kama ilivyo chanjo.

Hakuna kabila lenye ubongo wake

Kuna hatari nyingine ya kutaja wazi. Katika mgogoro wa Batwa na Waluba, kila upande umesikia maneno kama haya: "Wale wamezaliwa wakali, ni damu yao." Elimu ya ubongo haiungi mkono maneno hayo. Amigdala ya Mtwa na ya Mluba inafanya kazi ileile, na kotisoli haijui lugha ya mtu. Mtoto anayekua katika hofu anajifunza hofu, awe wa upande gani. Na kueleza chanzo cha hasira hakumtolei mtu hatia: aliyechoma nyumba ya jirani bado ana la kujibu mbele ya sheria.

Yanayosaidia

Kwa kuwa hofu hiyo ni ya kujifunza, inaweza pia kufundishwa kutulia. Mwaka 2013, jarida la waganga la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliofanyika katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wanawake waliobakwa walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata tiba ya mazungumzo kwa makundi, vikao 12 kwa jumla. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmojammoja.

Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika makundi ya tiba, na asilimia 42 katika msaada wa kawaida. Waliongoza vikao hivyo ni wanawake wa Kongo, wasaidizi wa kijamii waliopewa mafunzo. Hawakuwa waganga wa ubongo.

Hiyo ni habari muhimu kwa mahali kama Kabimba. Hospitali za magonjwa ya akili ziko mbali: Tulizo Letu iko Goma, kituo cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi. Shirika la Afya Duniani, OMS, limetoa mwongozo tangu mwaka 2010 ili wauguzi wa kawaida waweze kutambua na kusaidia shida hizi. Kufundisha wauguzi na wasaidizi wa hapahapa kunawezekana, kama wakubwa wa afya wakiweka jambo hilo katika mipango yao.

Na nyumbani? Mtu anaposhtuka, usimcheke wala usimshike kwa nguvu. Ongea naye polepole, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na ni siku gani. Mwombe avute pumzi taratibu, na aitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoivuta: pumzi ya namna hiyo husaidia moyo kupunguza mbio. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Pombe inaficha hofu kwa saa chache na kuharibu usingizi. Maombi yanaweza kumpa mtu faraja, lakini kumfunga kamba, kumpiga au kumnyima chakula ili pepo atoke kunaipa amigdala hatari mpya ya kukumbuka.

Kama hali inaendelea zaidi ya mwezi mmoja, au mtu anasema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya mara moja, kama vile angepelekwa akiwa na malaria. Asiachwe peke yake njiani.