Akriliki za rangi katika picha za mavazi: stara kwa mvaaji, ukweli kwa mnunuzi

Mtandio ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee. Mteja wetu wa Tandika alipoufungua alisema kwamba aliagiza mweusi, na alipotuonesha picha tuliyomtumia, tulikiri kuwa haki ilikuwa yake. Picha ile tuliipiga wenyewe barazani kwetu Mbagala, kupitia vipande viwili vya akriliki, kimoja kijani na kimoja buluu, tulivyovipandanisha mbele ya kamera ya simu.

Hatukukusudia hadaa. Tulikuwa tukitafuta stara. Akina mama wengi wa Temeke na Kinondoni wanaouza abaya na mitandio kwa njia ya simu wanalijua tatizo hili: nguo iliyotundikwa haioneshi inavyoanguka mwilini, na kumvalisha binti kisha kuisambaza sura yake kwa watu wasiojulikana ni jambo ambalo nyumba nyingi hazilikubali. Ama hukumu ya picha zenyewe, wanazuoni wamekhitalifiana, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumwuliza. Hapa tunazungumza na wale waliokwisha kuridhia.

Akriliki ni ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, ambayo mafundi wa mabango hukatia herufi za maduka. Kipande chekundu hupitisha nuru nyekundu na kumeza nyingine. Weka manjano juu ya buluu, utapata kijani. Weka nyekundu juu ya kijani, nuru karibu yote humezwa. Faida iko hapo hapo: vipande viwili vya namna hiyo vikisimamishwa mbele ya uso tu, uso hupotea gizani na nguo hubaki wazi chini yake. Hata kipande kimoja kisicho na rangi, kikisuguliwa kwa msasa laini, hugeuka kama ukungu na kutosha kabisa. Kosa letu lilikuwa kuviteremsha vipande hadi kwenye nguo. Damu ya mzee haina nuru ya kijani wala ya buluu ya kurudisha, basi ikaonekana nyeusi.

Kupiga nguo picha kupitia rangi si jambo geni. Mwaka 1861, mjini London, James Clerk Maxwell alionesha picha ya rangi ya utepe wa kitambaa, iliyopatikana kwa kuupiga mara tatu kupitia vichujio vyekundu, vya kijani na vya buluu. Mwaka 1911 Mrusi Sergei Prokudin-Gorskii alimpiga Amiri wa Bukhara, Alim Khan, kwa vichujio vitatu hivyo, na joho la buluu la Amiri linaonekana hadi leo kana kwamba limetoka kwa mshonaji jana. Lakini wao walizichuja rangi kisha wakazikutanisha tena zote tatu. Sisi tulichuja, tukaishia hapo.

Karibu na kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha za kuunga, sura ya mtu ikipachikwa mahali ambapo hakuwahi kusimama. Mwenye picha alijua kuwa lile ni pambo. Mteja wetu hakujua.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono na kukuta unyevu chini yake. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nasi tulikuwa na mvua yetu, nayo ni akriliki.

Siku hizi tunapiga kivulini, mchana, vipande vikiishia shingoni. Nyuma ya simu hutundika kitambaa cheusi, maana akriliki hurudisha taswira ya mpigaji, na kadiri vipande vinavyozidi ndivyo mng'ao unavyozidi. Tunavisafisha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Spiriti na tina huvipasua. Kila nguo hupigwa picha ya pili bila kipande chochote, karatasi nyeupe ikiwa kando yake ili jicho lipate pa kulinganishia.

Mteja wa Tandika tulimrudishia fedha zake pamoja na nauli ya bodaboda. Mtandio ule tumeupiga upya, na chini yake tumeandika kwa maneno: damu ya mzee.