Rufiji: Mbegu za bure, deni la mali kauli

Mwenye duka la pembejeo mjini Ikwiriri haongelei mafuriko, anaongelea daftari lake. Kabla ya masika ya 2024 alitoa mbegu na dawa kwa mali kauli, alipwe baada ya mavuno. Aprili Mto Rufiji ukafunika mabonde ya wilaya za Rufiji na Kibiti, mpunga na mahindi vikaenda na maji. Wadaiwa wake hawakukimbia, anasema, ila hawana kitu. Kilichomkata maini zaidi ni tetesi za mbegu za msaada. Hata waliokuwa na akiba kidogo waliacha kununua, wakasubiri mgao. Mgao ulipofika, unyevu wa mlau, yaani kilimo cha maji yakishapungua, ulishaanza kukauka, na mpunga ulioletwa ulikuwa wa kisasa, mfupi, ambao kwa maelezo yake huzama pale ambapo mbegu ndefu za kienyeji husimama. Hakuna aliyemuuliza yeye, anayejua nani analima wapi. Tajiri wake wa jumla Dar es Salaam bado anamdai na hampi tena mzigo bila fedha mkononi.

Ofisa mmoja wa kilimo anasisitiza kuwa mbegu ziliwahi. Hesabu anayoitumia ni ya mifuko iliyotoka ghalani. Ekari zilizopandwa hazimo.

Kuwahi huko ndiko kiini cha biashara hii. Rufiji maji yakishuka huacha tope la rutuba, na mahindi, kunde na maboga hupandwa humo bila kungoja mvua. Ndiyo sababu wakazi wa bonde waliohamishiwa mlimani mwaka 1968 hawakuliacha bonde. Walishuka kulima na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo.

Wakubwa wanalitaja bwawa la umeme la megawati 2,115 kwenye mto huo kuwa kinga dhidi ya mafuriko. Huenda litatuliza mafuriko madogo, lakini hayo ndiyo yanayoleta mlau. Yale makubwa ya 2024 yalikuja bwawa likiwa tayari limesimama.

Bei ya mchele ikikaa vizuri, wenye mtaji huenda wakainuka ndani ya misimu michache. Wa mali kauli, ni vigumu kusema. Mwenye duka anataka msaada utolewe kwa vocha za kununulia dukani. Wazo si baya, ila vocha za pembejeo zilizoanza 2008 ziliandamwa na malalamiko ya udanganyifu, na mawakala waliotoa pembejeo za ruzuku msimu wa 2015/16 walikaa miaka wakidai fedha zao serikalini.