Matanga

Katika lugha yetu neno kufa lamhusu mtu mmoja, lakini neno kufiwa lawahusu wengi. Afaye hana haja tena ya chakula wala ya maneno mazuri. Wafiwa ndio wabakio, nao huingia katika hali iitwayo ukiwa, yaani upweke wa mtu aliyeachwa. Kwa sababu hiyo watu wa pwani, waingiapo katika nyumba ya msiba, husema, "Makiwa!" Neno hili na neno ukiwa ni ndugu. Alisemaye humjulisha mfiwa ya kuwa upweke wake umeonekana. Wengine husema "Pole", na nia ni ile ile.

Lakini neno peke yake halitoshi. Kwa hiyo wazee wetu waliweka desturi ya matanga. Kukaa matanga ni kukaa pamoja na wafiwa nyumbani kwao baada ya maziko. Siku zake si sawa kila mahali: pwani siku 3 zimezoeleka, na mahali pengine watu hukaa zaidi. Watu hulala chini juu ya mikeka, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Waislamu husoma hitima. Wakristo hukesha kwa sala na nyimbo. Mpita njia aweza kudhani ya kuwa watu hawa wamekaa bure. Sivyo, tazameni kazi zao.

Kwanza ni kazi ya mikono. Mwenye huzuni kubwa husahau hata kula. Basi majirani huleta maji, kuni na unga, wakapika wao, ili mfiwa asishike kazi ya jikoni.

Pili ni kazi ya mali. Msiba una gharama zake: sanda au jeneza, chakula cha wageni, na pengine deni la marehemu. Kila mtu hutoa kadiri awezavyo. Pwani mchango huu huitwa ubani. Mahali pengine huitwa rambirambi. Atoaye leo atatolewa kesho, maana hapana nyumba ambayo kifo hakiijui njia yake.

Tatu ni kazi ya masikio. Mfiwa husimulia habari za ugonjwa tangu mwanzo hata mwisho. Akiingia mgeni mwingine, husimulia tena, na waliokwisha kusikia husikiliza kama kwamba ni mara ya kwanza. Kila asimuliapo, mzigo wake hupungua kidogo.

Tena, katika sehemu nyingi za Tanzania, huja watani. Utani ni mapatano ya kale, kama yale ya Wazaramo na Wanyamwezi, ya kuwa huyu aweza kumfanyia huyu mzaha bila kukasirikiwa. Mtani husaidia kazi za maziko. Kisha, watu waliapo, yeye huigiza mwendo wa marehemu, au humlaumu kwa kuondoka bila kuaga. Waliao hucheka, machozi yangali machoni. Hiyo si dharau. Mtani huwaonyesha wafiwa ya kuwa kicheko hakikuzikwa kaburini.

Siku ya mwisho matanga huondolewa. Nyumba hufagiliwa, na wazee hushauriana: Nani atawalea yatima? Deni litalipwaje? Kisha kila mtu hurudi kwake. Lakini huzuni haiondoki siku ile, na hapo ndipo ukiwa huzidi. Ndiyo maana wengi hukutana tena siku ya 40.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa langu alifiwa na baba yake. Aliporudi shuleni, wenzake walinyamaza kila alipowakaribia. Hawakumchukia, waliogopa kukosea maneno. Mimi pia sikumwambia neno, nikidhani ya kuwa kimya ni heshima. Baada ya siku chache aliacha kucheza, kisha akaacha kuja. Nikaenda kwao. Akaniambia, "Mwalimu, nyumbani tulikuwa wengi. Shuleni nalikuwa peke yangu." Nikaona haya, nikamwomba radhi. Kesho yake alirudi, na wenzake wawili walikwenda kumpokea njiani.

Basi, wanafunzi, mwenzenu afiwapo, msimkimbie. Mwambieni "Pole", kisha kaeni naye. Mpeni madaftari yenu anakili masomo yaliyompita. Akitaka kumtaja marehemu, msikilizeni. Akitaka kucheza, chezeni naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Maswali
1. Neno kufa na neno kufiwa yametofautianaje?
2. Taja kazi tatu zifanywazo katika matanga.
3. Kwa nini mzaha wa mtani si dharau?
4. Mwalimu alikosa nini, naye alitengenezaje kosa lake?