Kompyuta Inapokataa: Kusakinisha na Kusasisha Mfumo wa Linux Mbali na Mji

Meli ya Liemba, ambayo vizazi kadhaa vya wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wameijua, haikufika Kigoma ikiwa meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kisha bara, kwa Reli ya Kati, kuelekea Kigoma. Huko iliunganishwa upya, na mwaka 1915 ikateremshwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Mafundi hawakuweza kuifanya kazi hiyo bila orodha iliyoonyesha kilichomo katika kila sanduku, kipi hutangulia kufungwa na kipi hufuata.

Mfumo wa Linux huletwa katika kompyuta kwa njia hiyo hiyo. Kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Zana nyingi zinazokizunguka zilitokana na kazi ya GNU iliyotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Lakini mtumiaji hapokei kiini na zana vikiwa vimetawanyika. Hupokea mkusanyo uliokwisha kupangwa, kama Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, au Ubuntu, ulioanza mwaka 2004 na kujengwa juu ya Debian. Mkusanyo huo umegawanywa katika maelfu ya vifurushi vilivyomo ghalani, yaani katika kompyuta kubwa zilizounganishwa na mtandao. Kusakinisha ni kuviweka vifurushi vya mwanzo katika diski ya kompyuta. Kusasisha ni kuleta matoleo mapya ya vifurushi hivyo, aghalabu kwa sababu kasoro imegunduliwa katika yale ya zamani.

Tuseme shule moja ya sekondari huko Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, imepewa kompyuta ishirini zilizokwisha kutumika. Mfumo unaletwa kutoka Kigoma mjini ukiwa katika flashi, intaneti ni ile ya simu, na umeme hukatika bila taarifa. Siku moja usasishaji unakwama na kioo kinajaa maneno ya Kiingereza. Mwalimu anashauriwa afute kila kitu na kuanza upya, na pamoja na mfumo inafutwa kazi ya muhula mzima ya wanafunzi. Ushauri huo hutolewa mno, na mara nyingi si wa lazima. Ujumbe wa kosa, ukinakiliwa neno kwa neno katika daftari kabla ya kubonyeza chochote, huwa umekwisha kutaja mahali mnyororo ulipokatika.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kompyuta kuguswa. Faili la kusakinishia ni kubwa, na likipakuliwa kwa mtandao wa kusuasua huweza kufika likiwa na upungufu. Kwa ajili hiyo, watengenezaji hutangaza pamoja na faili hilo alama yake ya utambulisho, iliyokokotolewa kutokana na kila biti iliyomo: tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Amri ya sha256sum, ikifuatiwa na jina la faili, hukokotoa alama hiyo upya. Biti moja ikibadilika, alama nzima hugeuka isifanane kabisa na ile ya awali. Dakika chache za kulinganisha huokoa siku nzima ya kuilaumu flashi au diski isiyo na hatia.

Kosa la pili ni la ajabu zaidi, na linastahili kuelezwa kwa kituo kwa kuwa huwapoteza hata mafundi. Usasishaji unakataliwa, ilhali mtandao upo na ghala linafikika. Ujumbe unasema kwamba orodha ya ghala bado haijawa halali. Itakuwaje orodha isiwe halali “bado”?

Jawabu limo katika betri ndogo yenye umbo la sarafu, ya volti 3, iliyopachikwa katika bodi kuu. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati umeme umezimwa. Katika kompyuta ya miaka mingi betri hiyo huwa imekwisha, kwa hiyo kila asubuhi mashine huamka ikiamini kwamba ni siku iliyokwisha kupita. Sasa, orodha ya vifurushi hutiwa sahihi ya kihisabati na huandikwa tarehe ya kutolewa. Baadhi ya maghala huongeza tarehe ya kukoma kwake. Tarehe hizo ni kinga: bila ya hizo mtu mwovu angeweza kuipa kompyuta orodha ya zamani, yenye sahihi ya kweli lakini iliyojaa kasoro zinazojulikana. Kompyuta ambayo saa yake imebaki nyuma huiona orodha ya leo kuwa imetoka siku zijazo, nayo huikataa. Mashine haijakosea, imedanganywa na saa yake.

Kwa kawaida mfumo hujirekebishia saa kupitia mtandao, lakini mtandao wa kukatika-katika huenda usiupe nafasi hiyo. Basi amri ya date iandikwe kwanza, kusoma saa, kabla ya kushuku jambo lingine. Na anayeirekebisha kwa mkono akumbuke kwamba kompyuta haijui hesabu ya saa ya Kiswahili. Saa tatu asubuhi kwake ni 09:00. Anayeandika 03:00 ameirudisha nyuma kwa saa sita, na orodha iliyotolewa ndani ya saa hizo itakataliwa vilevile.

Kosa la tatu ni umeme kukatika katikati ya kazi. Hapa ndipo watu wengi huogopa na kufuta diski, na hapa ndipo hofu ina msingi mdogo. Programu iitwayo dpkg, inayoweka vifurushi katika Debian na Ubuntu, hufanya kazi kwa hatua mbili kuu: kwanza hukifungua kifurushi na kuyaweka mafaili yake mahali pake, kisha hukiandaa kifanye kazi. Kila hatua huandikwa katika daftari lake, /var/lib/dpkg/status. Umeme ukirudi, daftari linaonyesha ni kifurushi kipi kilichofunguliwa lakini hakijaandaliwa. Amri hii huiendeleza kazi palipoachwa:

sudo dpkg --configure -a

Ikiwa bado kuna vifurushi vinavyokosa wenzao vinavyovitegemea, hufuata amri hii:

sudo apt --fix-broken install

Endapo kompyuta haifiki hata kwenye kioo cha kawaida, kitufe cha Shift, au Esc katika mashine za karibuni, kikishikiliwa wakati wa kuwasha huleta orodha ambamo kiini cha awali huweza kuchaguliwa. Kiini cha zamani huachwa makusudi kwa dharura kama hiyo. Kazi za wanafunzi zimo katika saraka ya /home, ambayo usasishaji hauigusi. Hata hivyo nakala katika flashi kabla ya kusasisha haigharimu kitu. Wahandisi wa Kijerumani walipoizamisha Götzen mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nyingi, nayo ilipoinuliwa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa na kurudi kazini mwaka 1927.

Wakati mwingine apt hukataa kuanza kwa kuwa programu nyingine imefunga kufuli. Mara nyingi programu hiyo ni usasishaji wa kujiendesha ulioanza wenyewe baada ya mashine kuwashwa. Dawa ni kungoja. Wapo wanaofundisha kulifuta faili la kufuli; hiyo ni sawa na kuwaruhusu makarani wawili kuandika katika ukurasa mmoja wa leja kwa wakati mmoja. Na diski ikijaa, amri ya df -h itaonyesha. Aghalabu sehemu ya /boot ndiyo iliyosongwa na viini vya zamani, na sudo apt autoremove huviondoa visivyohitajika.

Gharama ya mtandao nayo ina hesabu yake. Usasishaji wa megabaiti 400, ukifanywa na kila mashine peke yake, ni megabaiti 8,000 kwa kompyuta ishirini. Lakini amri ya apt-get, tofauti na apt, huvibakiza vifurushi ilivyovileta katika /var/cache/apt/archives. Vikinakiliwa kwa flashi hadi saraka hiyo hiyo katika mashine nyingine za toleo lile lile na aina ile ile, kila moja itahitaji kuleta orodha tu. Vifurushi vilivyonakiliwa vitatumika. Hadi mwaka 2011 waenezaji wa Ubuntu walikuwa wakituma diski bure kwa posta. Njia hiyo imefungwa, na flashi imechukua nafasi yake.

Linabaki kataa moja ambalo si kasoro. Kompyuta zenye prosesa ya biti 32 zimeachwa na mikusanyo mingi: Ubuntu iliacha kutoa diski zake za kawaida za aina hiyo mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kuzisakinishia. Lakini mashine isihukumiwe kwa mfumo iliyokuja nao, kwani kompyuta nyingi zenye prosesa ya biti 64 ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32. Amri ya lscpu, ikiandikwa katika Linux yoyote inayokubali kuwaka kutoka kwenye flashi, hutaja aina ya prosesa katika mistari yake ya mwanzo.