Saa Nne Asubuhi, Daftari Liko Mezani

Nyumba inayowasomesha watoto wake yenyewe utaitambua saa nne asubuhi. Mabasi ya shule yameshapita, mtaa umetulia, lakini mezani kuna mtoto wa miaka kumi anayetafuna ncha ya penseli, mdogo wake yuko mkekani anafuatisha herufi kwa kidole, na mama anakoroga uji huku jicho moja liko kwenye daftari. Hodi ikipigwa, mgeni huuliza hata kabla hajaketi: "Kwani hawa leo hawakwenda shule?"

Jijini Nairobi na katika miji inayolizunguka, wazazi waliochagua njia hii wamelizoea swali hilo. Wapo walioondoa mtoto shuleni kwa sababu alikuwa akionewa na wenzake, au alikuwa na ugumu wa kusoma na darasa lilikuwa limejaa mno kwa mwalimu kumfikia. Wengine wanaongozwa na imani yao, na wengine kazi huwahamisha kila mwaka. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wazazi wengi wa Afrika Mashariki walionja kazi hii bila kuiomba. Shule zilipofunguliwa, karibu wote walishusha pumzi.

Jirani huhofia upweke: mtoto atacheza na nani? Hofu hiyo ni ya haki, ila mara nyingi ndiyo nyepesi kutatua. Jioni watoto wa mtaa hurudi na mpira hutoka. Pwani kuna madrasa, bara kuna shule ya Jumapili, na familia zinazosomesha nyumbani hukutana na kupeana zamu: huyu anafundisha sanaa, yule anawapeleka wote kuogelea. Mzazi anayewafungia watoto ndani mchana kutwa atapata watoto wapweke, hata angekuwa na vitabu bora vya dunia.

Linalowanyima wazazi usingizi ni karatasi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na anayekaidi anaweza kushtakiwa. Haikuweka utaratibu wa kumsajili mtoto anayesomea nyumbani. Mwaka 2019 wazazi wawili walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba Katiba inawapa haki ya kuchagua namna ya kusomesha watoto wao. Hukumu haikuwapa walichoomba. Ndiyo maana nyumba nyingi huweka faili juu ya kabati: tarehe, masomo ya kila siku, insha zilizosahihishwa, picha ya bustani ya sukuma wiki iliyopandwa kwa somo la kilimo. Chifu akija kuuliza, faili hilo ndilo litakalomsemea mzazi.

Faili halitoshi mbele ya mtihani. Katika mtaala wa umilisi, unaojulikana kwa wengi kama CBC, alama hazitoki kwenye mtihani wa mwisho peke yake. Katika tathmini ya Gredi ya 9, asilimia 60 hutoka kwenye mtihani wenyewe, 20 kwenye tathmini zilizofanyika shuleni Gredi ya 7 na ya 8, na 20 kwenye ile ya Gredi ya 6. Alama za shuleni huingizwa na shule kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Mama wa mezani hana mlango wa kuingilia humo. Kwa hiyo familia nyingi hukimbilia mtaala wa Cambridge, ambako mtoto anaweza kufanya mtihani wa IGCSE kama mtahiniwa binafsi, mzazi akilipia kila somo mfukoni mwake. Familia isiyo na uwezo huo hujikuta imekwama.

Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyetimiza miaka saba. Kwa aliye nje ya mfumo kuna njia ya mtahiniwa wa kujitegemea: afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, kisha afanye ule wa kidato cha nne. Njia hiyo imewafaa wengi waliokatiza masomo.

Baada ya karatasi, hesabu. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Kunzman na Milton Gaither, walipitia tafiti nyingi kuhusu watoto wanaosomea nyumbani. Waliona kwamba watoto hao huelekea kuwa wazuri katika kusoma na lugha, lakini upande wa hesabu hulegea. Mzazi yeyote aliyewahi kufundisha sehemu atajua sababu. Robo tatu kugawanya kwa moja ya nane: mama anakumbuka kanuni, geuza ya pili kisha zidisha, jibu ni sita. Mtoto anauliza, "Mama, kwa nini tunaigeuza?" Hapo kanuni inanyamaza. Mama mwenye subira ataleta chapati, ataondoa robo, kisha atakata zilizobaki vipande vya ukubwa wa moja ya nane na kumwambia mtoto ahesabu. Sita. Kwa sehemu, chapati inatosha. Kwa aljebra ya miaka mitatu baadaye haitoshi, na mzazi aliyeachana na hesabu kidato cha nne afadhali atafute mwalimu wa tuisheni mapema, kabla mtoto hajaanza kulichukia somo.

Sayansi inatisha kuliko inavyostahili. Siki na magadi ya kuokea hutoa gesi ya kabonidioksidi kwenye glasi ya jikoni, na maji ya kabichi ya zambarau hubadilika rangi kuonyesha asidi na besi. Katika IGCSE kuna hata karatasi ya maandishi inayochukua nafasi ya mtihani wa maabara. Bado, mtoto anayetaka kuwa daktari anahitaji kushika biureti kwa mkono wake, na baadhi ya familia huzungumza na shule jirani ili atumie maabara wakati wa likizo.

Jambo ambalo wazazi hulitaja mwisho, kwa sauti ya chini, ni uchovu. Kwa kawaida mmoja wao ameacha kazi, na mara nyingi ni mama. Ni mwalimu, mpishi na mlezi katika chumba kimoja, hana kengele ya kumaliza siku wala mwalimu mwenzake wa kumwambia, "Hebu pumzika, nikushikie kipindi hiki." Baba akirudi jioni na kuuliza kwa nini mtoto hajui jedwali la saba, kinachohitajika ni yeye kuvuta kiti, kulichukua daftari na kufundisha jedwali hilo mwenyewe.