Umepasuliwa Sainasi: Sasa Itunze Pua Yako

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia matunzo ya mgonjwa aliyepasuliwa sainasi. Wengi hudhani kwamba akisharuhusiwa kutoka hospitali mambo yamekwisha. Sivyo.

Sainasi ni vyumba vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Kila kimoja kina kijia chembamba cha kupitishia ute hadi puani. Vijia hivyo vikizibwa na uvimbe au nyama za puani, ute hukwama ndani na mgonjwa huteseka kwa miezi mingi. Daktari huingiza puani chombo chembamba chenye taa, akaziondoa nyama hizo na kuvipanua vijia. Lakini kovu likiota vibaya, vijia huweza kuziba tena, na fedha ambayo familia ilihangaika kuipata ikapotea bure.

Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Mgonjwa asipenge kamasi mpaka daktari amruhusu, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili. Chafya ikimjia, aiachie kwa mdomo wazi, asiibane.

2. Alale ameinua kichwa kwa mito miwili. Asiiname sana, wala asibebe ndoo ya maji au gunia.

3. Asafishe pua kwa maji ya chumvi kama alivyoelekezwa. Maji yachemke kwa dakika 1 (dakika 3 kwa wanaoishi milimani, juu ya mita 2,000), kisha yafunikwe mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Maji yasiyochemshwa yasiingizwe puani kamwe: huweza kuwa na amiba ambayo ikipanda hadi kwenye ubongo huua.

4. Aepuke moshi, sigara na ugoro. Kama aliyepasuliwa ni mama, apumzishwe kwenye meko ya kuni. Baba na watoto washike mwiko. Kanisani akae mbali na chetezo. Mpiga tarumbeta wa kwaya naye asubiri ruhusa ya daktari.

5. Asijifukize kwa mvuke wa moto. Huunguza, na huweza kuamsha damu.

6. Asinunue aspirini wala ibuprofeni bila kumwuliza daktari, kwa sababu huongeza kutoka damu. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

7. Arudi kliniki tarehe aliyopangiwa, hata akijisikia mzima. Huko husafishwa damu iliyoganda na kuangaliwa kovu.

Pua kuziba na kutoka damu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lakini mkimbizeni hospitali, hata usiku wa manane, mkiona damu nyingi isiyokoma, jicho kuvimba au kuona vibaya, maji maangavu yanayodondoka puani hasa anapoinama, au homa kali pamoja na shingo kukakamaa. Kati ya sainasi na macho na ubongo upo mfupa mwembamba sana, msingoje kupambazuke.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumwomba Mungu tunapougua, na pia kumpa tabibu nafasi yake. Basi tuwaombee wagonjwa wetu, na maji ya chumvi tuwachemshie.